Je, Wajua? Bakteria Hujigeuza Wakiwa Ndani ya Mapafu

Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa huishi kwenye udongo, majini, hata kwenye bomba la sinki. Mtu mwenye afya njema ni nadra kudhurika naye. Lakini kwa mgonjwa wa sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayofanya ute wa mapafu uwe mzito na wa kunata, bakteria huyo huweza kukaa miaka mingi, na muda wote huo jeni zake zinabadilika.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walilinganisha bakteria waliochukuliwa kwa mtoto mmoja mwenye maradhi hayo akiwa na miezi 6 na wale waliochukuliwa alipofikisha miaka 8. Walikuta mabadiliko 68 ya jeni. La kushangaza ni kile kilichopotea: jeni kadhaa za kushambulia mwili zilikuwa zimeharibika. Mvamizi alikuwa ameweka silaha chini ili apate kukaa!

Bakteria wengi hupoteza pia mkia wa kuogelea, ambao kinga ya mwili huutambua upesi. Jeni iitwayo mucA ikiharibika, bakteria hutoa utelezi mwingi unaomfunika kama blanketi, na chembe nyeupe za damu hushindwa kummeza. Wengine huharibikiwa jeni za kusahihisha makosa ya kunakili DNA. Hapo makosa huongezeka sana, na baadhi yake huwawezesha kuhimili dawa.

Ndiyo maana madaktari hupima kohozi la wagonjwa hawa mara kwa mara: dawa iliyofaa mwaka jana huenda isifae leo.