Kabla ya kununua glavu, tafuta kocha wa kukuambia 'bado'

"Kaka, nilikupa mtoto umfundishe mazoezi. Sikukupa umrudishe hajui leo ni siku gani."

Hayo aliniambia dada yangu usiku mmoja wa mwaka 2023, tukiwa tumeketi kwenye benchi la zahanati moja hapa Kampala. Ndani, daktari alikuwa akimmulika mpwa wangu machoni kwa tochi. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15, na alikuwa amefanya mazoezi ya ndondi kwa siku nane tu.

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka. Kama wengi wa rika langu, nimelelewa kwa hadithi za mabondia. Nilisimuliwa jinsi Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walivyoiletea Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, jinsi Ayub Kalule alivyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979, na jinsi John Mugabi alivyorudi na fedha kutoka Moscow mwaka uliofuata. Kwa hivyo kijana aliponiambia, "Mjomba, nataka kucheza ndondi," sikuuliza maswali mengi. Nilitia pesa mfukoni nikaenda kumnunulia glavu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Niliziokota katika soko la mitumba: nyekundu, zenye maandishi ya dhahabu, za wakia 8. Nilifikiri mtoto mdogo avae glavu ndogo. Sikujua kwamba wakia 8 ni glavu za mapigano ya mabondia wa kulipwa wa uzani mwepesi, na kwamba kadiri glavu inavyokuwa nyepesi ndivyo konde linavyouma zaidi. Isitoshe, sponji yake ilikuwa imekufa. Ungebonyeza kidole mahali pa vifundo vya ngumi ungeugusa mkono ulio ndani.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kilabu tulichokwenda kwanza, ambacho jina lake sitalitaja, kilikuwa na sifa ya kutoa vijana wakali, nami nikaona sifa hiyo inatosha. Siku ya nane, kocha alimwita kijana ulingoni apambane na mwenzake ambaye tayari alikuwa ameshinda mapigano kadhaa. Mpwa wangu akasema hana kinga ya meno. Wakamtolea mwingine yake kinywani, wakaisuuza kwa maji ya chupa, wakampa.

Nilikuwepo. Niliona nikanyamaza, maana nilidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Alianguka katika raundi ya kwanza, akasimama, akaambiwa aendelee. Alianguka tena. Watu walimpigia makofi kwa ushujaa wake. Usiku akaanza kulalamika kichwa, akatapika mara mbili, na akamwuliza mama yake swali lile lile mara tatu. Daktari alituambia ubongo umetikisika. Aliagiza apumzike, apunguze hata kusoma kwa siku za mwanzo, na asipigwe kichwani mpaka atakapomwona tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata kanuni za ndondi za ridhaa humzuia bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asipigane wala kufanya mapambano ya mazoezi kwa siku zisizopungua 30. Mtoto wetu, kama daktari asingesema, angetakiwa kurudi Jumatatu.

Nilidhani habari ya ndondi imekwisha. La kushangaza ni kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyetaka kurudi, na mama yake, baada ya wiki kadhaa za kununa, akakubali kwa sharti moja. "Akienda, uende naye. Ukafanye kila anachofanya yeye. Na kama kuna kupigwa, upigwe wewe kwanza."

Hivyo ndivyo mwandishi wa makala haya, akiwa na umri wa miaka 41 na tumbo linalotangulia, alivyoanza ndondi. Katika ridhaa umri wa kushindana huishia miaka 40, kwa hivyo hakuna aliyenitarajia nilete medali.

Safari hii tulizunguka kwanza. Tulitembelea vilabu vitatu, tukaketi, tukatazama tu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo: kabla hujauliza ada, tazama wanaoanza wanafanywa nini. Kama wanatumiwa kama mifuko ya kupigwa na walioiva, ondoka. Angalia pia kocha anafanya nini mtu anapopigwa sana: anasimamisha au anacheka?

Tuliyemchagua ni askari mstaafu. Hapa kwetu ndondi imelelewa sana na kambi za jeshi, polisi na magereza, na Kiswahili nacho kimelelewa huko huko, ndiyo maana hata leo utaingia katika ukumbi wa mazoezi usikie amri zikitolewa kwa Kiswahili na masihara yakifanywa kwa Luganda. Mzee huyu hana ukumbi wa kifahari. Ana banda la mabati, ulingo wa mbao, magurudumu ya lori yaliyolazwa chini na mifuko minne inayoning'inia.

Nilimweleza yaliyotupata. Akamtazama kijana, akamwambia amrushie mpira wa karatasi. Kijana akaurusha kwa mkono wa kushoto.

"Kule walikusimamisha vipi?"

"Mguu wa kushoto mbele, Kocha."

Mzee akatikisa kichwa. Mwenye kutumia shoto kwa kawaida husimama mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto ukae nyuma kama akiba ya nguvu. Kule kwa kwanza hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza. "Kalule alikuwa wa shoto," alimwambia. "Boza-Edwards vile vile. Wewe umepewa zawadi, wao wakakugeuza." Nilimwona kijana akivuta mabega nyuma kwa mara ya kwanza tangu zahanati.

Kisha akauliza glavu zetu ziko wapi. Nilipozitoa alizibonyeza, akazinusa, akanirudishia. "Funga mlango kwazo usipigwe na upepo," alisema. Tukanunua upya, kwa orodha yake, na nitaieleza kwa kuwa ndiyo niliyotamani mtu anipe mapema.

Kitu cha kwanza ni bandeji za mikono. Ni kitambaa kirefu, mita nne na nusu kwa mkono wa mtu mzima, chenye kitanzi cha kidole gumba upande mmoja. Mkono una mifupa midogo mingi, na glavu peke yake haiizuii isichezecheze. Unatia gumba kitanzini, unatanua vidole, unazungusha kifundoni mara tatu, kisha juu ya vifundo vya ngumi mara tatu, unapitisha kati ya vidole, unafunga gumba, unamalizia kifundoni. Ukikunja ngumi uhisi imekaza. Ukiufungua mkono vidole visife ganzi. Mimi niliona huo ni urembo. Siku moja nikapiga mfuko bila kufunga, kifundo kikapinda, nikaandika kwa mkono mmoja wiki nzima. Zifuliwe kila baada ya mazoezi, zikauke juani, la sivyo utanuka hata ukiwa msikitini au kanisani.

Cha pili ni kinga ya meno, na hiyo haiazimwi. Zile za bei nafuu huchovywa katika maji ya moto kwa muda mfupi zilainike, kisha unaziuma zichukue umbo la meno yako. Ikikaa vizuri haidondoki ukifungua mdomo. Kocha wetu anakagua kila mtu, na asiyekuwa nayo anaruka kamba mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Glavu zilikuja mwisho. Kwa mfuko na mazoezi ya kawaida, kijana mwepesi atumie wakia 10 au 12. Mimi mwenye mwili nilipewa 14. Kwa mapambano ya mazoezi watu wazima huvaa 16, ambazo ni karibu gramu 450 kila mkono, ili wasiumizane. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: glavu humkinga zaidi anayepiga kuliko anayepigwa. Na kofia ya kujikinga, ingawa ni muhimu kwa kuzuia kuchanika na kuvimba, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Tangu mwaka 2013 wanaume wakubwa wa ridhaa waliacha kuivaa katika mashindano. Mpwa wangu alikuwa nayo siku ile aliyoanguka.

Viatu visikusumbue mwanzoni. Raba zenye soli bapa zinatosha. Zile za kukimbilia zenye soli nene humfanya mtu ateguke akigeuka. Na ukitaka kutundika mfuko nyumbani, usiujaze mchanga mtupu. Mchanga hushuka chini ukawa kama jiwe. Jaza matambara yaliyokatwakatwa.

Sasa, baada ya gharama hizo zote, tulitumia nini kwa wiki tatu za kwanza? Hakuna. Tulisimama. Tulijifunza kusimama, kupiga hatua mbele bila kugonganisha miguu, kurudi nyuma, kwenda pembeni, tukilizunguka gurudumu la lori kama punda wa kinu. Kidevu chini, mikono mashavuni, viwiko mbavuni. Kisha kamba, dakika tatu, pumziko dakika moja, dakika tatu tena, kama raundi zenyewe. Siku ya kwanza mimi nilimaliza dakika moja na nusu, nikatafuta ukuta.

Kijana alichoka na hali hiyo mapema. Kila Ijumaa alimwuliza mzee, "Kocha, nitapanda lini ulingoni?" Kila Ijumaa mzee alimjibu neno moja: "Bado."

Wiki ya nne tulianza konde la mkono wa mbele. Moja tu. Tulilipiga hewani mbele ya kipande cha kioo, tukalipiga kwenye mfuko, tukalipiga kwenye pedi za kocha, na kila lilipokwenda lilitakiwa kurudi shavuni kwa kasi ile ile. Nguvu, alituambia, hutoka kwenye mguu wa nyuma, ikapita nyongani, ikafika begani. Mkono ni mjumbe tu. Sikuamini mpaka siku ilipotokea kwa bahati. Mfuko ulilia sauti tofauti, na mimi sikuwa nimetumia nguvu yoyote.

Mwezi wa tatu kijana alikasirika, akamwambia mzee kwamba wenzake shuleni wanamcheka: ana glavu lakini hapigani. Niliogopa atafukuzwa. Mzee akaketi naye kwenye gurudumu. Akamwuliza anakumbuka nini kuhusu ile siku ya nane katika kilabu cha kwanza. Kijana akafikiri sana. Akasema anakumbuka kuvaa glavu, na anakumbuka tochi ya daktari. Katikati hakuna kitu.

Hakuuliza tena Ijumaa ile, wala iliyofuata.

Alipanda ulingoni mwezi wa sita, baada ya daktari kumpima na kuandika kwamba hana tatizo. Mzee alimchagulia mwenzake wa uzani wake, naye akiwa mwanafunzi mpya. Masharti: raundi mbili za dakika mbili, konde la mbele tu, nguvu nusu, na asiyesikia neno "simama" anateremka moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeshatangulia wiki moja kabla, kwa mujibu wa sharti la dada yangu, na nilivuja damu puani kwa heshima.

Dada alikuja kutazama. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akiwa amekumbatia mkoba wake, kana kwamba angetakiwa kukimbia naye. Mtoto wake alizunguka mguu wa kulia mbele, akapiga, akarudisha mkono shavuni, akakwepa, akapigwa, akapumua. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alisimamisha raundi ya pili sekunde chache kabla ya wakati, kwa sababu yule mwingine alianza kufumba macho.

"Kapigwa kichwani mara saba," dada aliniambia tukitoka. Alikuwa amehesabu.

Tulitembea mpaka kituo cha teksi bila kusema. Tulipoketi, aliinama kwa mwanawe, akachukua kile kijikasha cha plastiki mkononi mwake, akakifungua, akauliza kinga ya meno huoshwa kwa maji ya moto au ya baridi.

"Baridi, Mama," kijana alijibu. "Kwa mswaki. Ya moto inaiharibu umbo."