Nyaraka za Hans Cory na Urithi wa Mjane Usukumani

Mchungaji anayehudumu Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, hakawii kuitwa katika kikao cha ukoo baada ya matanga. Mali ya marehemu inagawanywa, naye mjane ameketi pembeni. Tukiuliza sababu, jibu huwa moja: ndiyo mila ya Wasukuma. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mila hiyo ilivyoandikwa, kwa kuwa wengi wetu huidhani imetoka vinywani mwa mababu bila kupita mikononi mwa mtu.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi makusanyo ya Hans Cory. Mtu huyu alizaliwa Vienna mwaka 1888, akawa mtaalamu wa elimu-jamii wa serikali ya Tanganyika, akafariki mwaka 1962. Makusanyo hayo ni miswada iliyopigwa chapa kuhusu makabila mengi: utemi, unyago, uganga, ardhi, ndoa. Usukumani aliandika hata juu ya bayeye, wacheza na nyoka, na michoro yao ya ukutani. Mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kwenda polepole. Cory alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka mahakama za wenyeji ziwe na kanuni za kufuata. Aliwakalisha watemi na wazee, akawauliza, akaandika walichokubaliana. Desturi iliyokuwa ikijadiliwa barazani kwa kadiri ya kila shauri ikageuka kifungu chenye namba. Wajane hawakuwa watemi. (Hatumlaumu Cory kwa bidii yake, pasipo yeye mengi yangalipotea.)

Cory alishiriki pia katika mwanzo wa kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila. Mwaka 1963, baada ya kifo chake, serikali ilitangaza kanuni za urithi katika Tangazo Na. 436. Kanuni ya 27 inasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilitoa uamuzi kwamba haki zao zimevunjwa.

Wanafunzi wa Agano la Kale wanazifahamu nguvu za nyumba ya kumbukumbu. Katika Ezra 6 ujenzi wa hekalu unategemea gombo la Koreshi lililotafutwa na kuonekana Umedi. Wanazifahamu pia Hesabu 27, ambapo binti za Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na wakuu, na amri ya urithi inatolewa upya kwa sababu wamesema.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu ya urithi asome miswada ya Cory na Tangazo la 1963 sambamba, akiangalia kila kifungu: nani aliulizwa, na nani hakuulizwa. Kisha aende Mhunze akawasikilize akina mama wazee, hasa waliofiwa na waume, wamweleze jinsi koo zao zilivyomtendea mjane kabla kanuni hazijapigwa chapa.