Helikopta na Upepo Ugeukao

Leo twapenda kueleza kwa nini helikopta irukayo chini chini huingia hatarini upepo ugeukapo. Chombo hiki hakina mbawa kama za eropleni. Huchukuliwa na mapanga yazungukayo juu yake. Kikikabili upepo, mapanga hupata hewa mpya tele, na injini hufanya kazi kwa nafuu.

Tumfikirie rubani aendaye polepole juu ya shamba, upepo ukimvumia usoni. Ghafula wageuka, wamjia kwa nyuma. Akitazama miti aona mwendo wake haukupungua, pengine umezidi. Kumbe mwendo wake katika hewa umepungua, na chombo chaanza kuzama. Tena upepo wa ubavuni waweza kulishinda panga dogo la mkiani, chombo kikazunguka bila kutii. Angekuwa juu, angeinamisha pua apate mwendo tena. Huku chini hana nafasi.

Kwa hiyo rubani mwangalifu, kabla ya kushuka, hutazama moshi na majani, na huweka akiba ya nguvu. Sikorsky mwenyewe, alipoijaribu helikopta yake huko Marekani mwaka 1939, aliifunga kamba kwanza. Upepo hauonekani, hujulikana kwa kazi zake.