Pakiti ya Kutundika Dukani na Jinsi ya Kuitengeneza

Wanachama wetu tumezoea kuiona karafuu ndani ya gunia. Safari hii twapenda tuitazame ndani ya pakiti ndogo itundikwayo dukani. Kilo moja hutoa pakiti 20 za gramu 50, na kila moja humwendea mnunuzi peke yake, bila mkulima kuwapo kuisemea. Ikianguka, ikichanika au ikipoteza harufu, mnunuzi atailaumu karafuu ya visiwa vyetu, wala hataulaumu mfuko.

Tuanze na tundu, kwani ndilo libebalo uzito wote. Tundu dogo la duara lafaa kwa pakiti nyembamba, lakini pakiti pana huyumba na kukaa upande. Kwa hiyo viwanda vingi hutumia tundu refu la kulala, lililoinuka katikati mfano wa kofia pana. Sehemu ile iliyoinuka hukaa juu ya kulabu na kuiweka pakiti sawa, na upana wake waipokea pia kulabu ya waya mbili. Pembe za tundu ziwe za mviringo, maana penye pembe kali ndipo karatasi ianzapo kuchanika. Wala tundu lisikaribie mno ukingo wa juu.

Pili, tundu litobolewe juu ya mshono uliofunga mfuko. Likiwa chini yake, hewa huingia na harufu hutoka. Mwenye mifuko ya kawaida aibane kwa moto, akunje kadi ngumu juu ya mdomo wake, aipige pini, kisha atoboe kadi na ukingo wa mfuko kwa pamoja. Kabla ya kutengeneza nyingi, ajaze moja kwa uzito kamili, aitundike siku kadhaa, na aivute kwa nguvu aone kama itastahimili.

Tatu ni plastiki yenyewe. Mafuta ya karafuu hulainisha polistirini, ile plastiki ngumu na nyangavu ivunjikayo upesi, basi visanduku vya aina hiyo visitumike. Mifuko myembamba nayo hupitisha harufu polepole. Mfuko wa tabaka kadhaa wenye alumini ndani huizuia vizuri zaidi. Hata hivyo pakiti njema haiponyi karafuu isiyokauka. Maji yasizidi asilimia 12, ama sivyo ukungu utaota ndani.

Nne, pakiti hupangwa moja nyuma ya nyingine, na mnunuzi huiona ya mbele tu. Jina, uzito na mahali ilikotoka viandikwe mbele. Tarehe na alama ya mistari ziwe nyuma, mahali pasipo mkunjo, ili mashine ipate kuisoma alama hiyo. Mwenye duka aombwe kutia pakiti mpya nyuma ya zile za zamani, wala asizitundike mlangoni penye jua.

Twakumbusha kwamba ununuzi wa karafuu Zanzibar uko mikononi mwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), hivyo hapana budi ruhusa itafutwe kwanza. Wakati wa kungoja, mwanachama aweza kuanza na pakiti chache za mdalasini au pilipili manga katika duka la jirani, kisha atuletee habari ya aliyoyaona.