Gari la Kale la Marehemu: Bei ya Haki Hupatikanaje?

Miongoni mwa mali zinazozitatiza familia wakati wa kugawa mirathi, gari la kale ni mojawapo. Nyumba ina hati, shamba lina mipaka, na ng'ombe wana mnada ambako kila mtu huisikia bei kwa masikio yake. Lakini gari la spoti la miaka ya sabini, lililoegeshwa uani miaka mingi hata nyasi zikaota chini yake, halina mnada wake hapa Bujora, wala Kisesa, wala Mwanza mjini. Huyu husema ni chuma chakavu, yule husema ni dhahabu. Baina ya kauli hizo mbili, haki ya mjane na ya yatima huweza kupotea pasipo mtu yeyote kuiba.

Kwa kuwa kamati za misikiti huombwa mara kwa mara kushuhudia ukadiriaji wa mali za marehemu, tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu njia ya kuifikia bei ya haki.

Thamani ya kitu cha kale

Sisi wa Bujora tu jirani wa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Zimo humo ngoma za watemi. Mtu akizipima kwa mti na ngozi tu, ataziona ni kuni. Akijua zilikuwa za utemi gani na zilipigwa kwa shughuli ipi, hatazitazama tena kwa jicho lile. Gari la kale nalo lina thamani mbili: ya chuma chake na ya habari zake. Habari hizo hazina budi kuthibitishwa.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita ya ujazo wa sentimita 2,393. Wazee wetu walilijua jina hilo kutokana na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na nchi yetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1971. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews. Huko Marekani gari hilo liliuzwa jipya kwa dola 3,526. Mwezi Januari 2020, moja liliuzwa huko mnadani kwa dola 310,000.

Bei hiyo isimlevye mtu. Gari lile lilikuwa katika hali bora mno, na wanunuzi wenye fedha walilishindania. Gari lililolala uani Kisesa si lile, hata likiwa na jina lilelile. Vivyo hivyo, dalali asitumie kutu ya milango kuwaaminisha warithi kwamba wanauza vyuma vya kupima kwa kilo.

Ukaguzi kabla ya bei

La kwanza ni utambulisho. Namba ya chesisi na namba ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe, kisha zilinganishwe na kadi ya gari. Kwa 240Z, namba ya chesisi huanza na HS30 ikiwa usukani ni wa kulia, na HLS30 ikiwa ni wa kushoto. Injini iliyobadilishwa hailifanyi gari kuwa bovu, lakini hulipunguzia thamani machoni pa wapenzi wa magari ya kale, ambao huulizia uhalisi kabla ya kuulizia mwendo.

Hapa tuonye kuhusu mazoea yetu ya kukadiria bei kwa herufi ya namba ya usajili, kwamba hili ni "namba A" na lile ni "namba D". Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, haielezi lilitengenezwa lini. Kwa gari la kale, kipimo hicho hakifai.

La pili ni bodi. Injini hutengenezeka, kabureta husafishwa, lakini kutu iliyokula sakafu na mihimili ya chini ndiyo humaliza fedha za mnunuzi. Gari liinuliwe kwa jeki na litazamwe chini: sakafu, mihimili, mahali pa betri, na sehemu za chini za milango. Sumaku ndogo ipitishwe juu ya rangi. Mahali isiposhika, huenda pamejazwa viraka visivyo vya chuma. Iulizwe pia gari limeishi wapi. Lililokaa Tanga au Dar es Salaam limekula hewa ya chumvi. Maji ya Ziwa letu hayana chumvi hiyo, ijapokuwa mvua na uwanja wenye majimaji navyo huzaa kutu.

La tatu ni vipuri. Taa, dashibodi na vioo vya asili vilivyo kamili vina thamani, kwa sababu kupata vingine hulazimu kuagiza ng'ambo.

Kutoka hali hadi bei

Njia ya wajuzi ni hii: huanza na bei ambayo gari la aina ileile, lililo zima, limeuzwa kweli. Bei aliyoitaja muuzaji bila kupata mnunuzi si ushahidi. Kisha hutoa gharama ya matengenezo kama ilivyokadiriwa na fundi, hutoa gharama ya kulisafirisha hadi waliko wanunuzi, kama vile Dar es Salaam au Nairobi, na huacha nafasi kwa ubovu usioonekana. Kinachobaki ndicho huikaribia bei ya haki. Wakadiriaji wawe wawili au watatu, na asiwepo miongoni mwao anayetaka kulinunua.

Mafunzo ya dini yetu

Fiqhi ina jina la bei hii: thamani ya mithili, yaani bei ambayo kitu kama hicho hupata sokoni. Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kuiuza kwa hasara ya wazi chini ya bei hiyo.

Mtume (s.a.w.) alikataza watu kwenda kuupokea msafara njiani ili kununua bidhaa kabla wenyewe hawajaijua bei ya soko, na aliyeuza kwa namna hiyo akapewa hiari atakapofika sokoni. Dalali anayewahi matangani na bahasha ya fedha taslimu ajitazame katika katazo hilo.

Kwa upande wa mnunuzi tunaye Jarir bin Abdillah (r.a.). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akaipandisha bei hatua kwa hatua hadi 800, kwa sababu alikuwa amemwahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia kheri kila Muislamu.

Hesabu inavyosema

Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na madeni yamekwisha kulipwa. Mke hupata thumni, na salio hugawanywa mafungu saba: kila wa kiume mawili, kila wa kike moja. Gari likithaminiwa kwa haki shilingi 16,000,000, mjane hupata 2,000,000, kila binti 2,000,000, na kila mwana wa kiume 4,000,000.

Sasa kaka mkubwa analitaka gari, na familia inakubali kulithamini 4,000,000 "kwa kuwa ni kuukuu". Atawalipa wenzake jumla ya 3,000,000 na kubaki na mali ya 16,000,000. Milioni 9 zimetoka mifukoni mwa wenzake: mama 1,500,000, kila dada 1,500,000, na ndugu yake wa kiume 3,000,000. Mafungu yamegawanywa kwa usahihi, ila bei iliyogawanywa ilikuwa ya dhuluma.

Kaka hakatazwi kuwa na mapenzi na gari la baba. Alichukue kwa bei ya wakadiriaji, alipe kidogo kidogo kwa maandishi na mashahidi, au wenzake walio baleghe na wenye akili timamu wamsamehe sehemu zao baada ya kuijua bei ya kweli. Msamaha wa asiyejua alichokisamehe una shaka, na fungu la mtoto mdogo halina wa kulisamehe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gari la marehemu lisitoke uani kabla namba zake hazijasomwa, fundi hajaingia chini yake, na warithi wote, pamoja na kina mama, hawajaisikia bei ikitamkwa mbele yao. Allah Atuwafikishe kula kilicho halali. Amin.