Uzio wa mianzi hula ardhi: wenye viwanja vyembamba wapige hesabu kwanza

MWENYE kiwanja mjini Geita, Katoro au Kahama anayepanda mianzi mpakani ili kujikinga na macho ya jirani anaweza kujikuta amepoteza eneo la vyumba viwili vya kupangisha bila kujua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shina la mwanzi likikomaa hutanuka na kuwa kichaka chenye upana wa mita moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Kwa ubavu wa kiwanja wenye urefu wa mita 20, hizo ni mita za mraba 30. Chumba cha mita tatu kwa nne huchukua mita za mraba 12. Kwa hiyo eneo hilo linazidi lile la vyumba viwili.

Hasara hiyo ina uzito katika ukanda wa dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, watu wamefuata kazi na biashara katika miji hiyo. Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012. Nyumba zimesogeleana, na uchochoro kati ya ukuta wa nyumba na bikoni ya mpaka mara nyingi haupiti upana wa mlango.

Kwa nini watu wanatafuta mimea

Wengi wanakimbia gharama ya tofali. Ukuta wa urefu wa mita 20 na kimo cha mita mbili ni mita za mraba 40, na humeza tofali zipatazo 400, mbali na msingi, saruji, mchanga na ujira wa fundi.

Uzio wa nguzo na seng'enge ni nafuu zaidi, lakini haufichi kitu. Tena nguzo nzuri zina mnunuzi mwingine: wachimbaji wadogo wanazihitaji kwa ajili ya matimba ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Kilichobaki ni uzio wa kupanda.

Mianzi ina sifa zake

Mwanzi si mgeni Tanzania. Nchi hii ilikuwa miongoni mwa mataifa tisa yaliyoanzisha shirika la kimataifa la mianzi na henzirani mwaka 1997, lenye makao yake Beijing. Wakulima wa Iringa wanaujua mwanzi kwa ulanzi, na mafundi wanaujua kwa matenga na vikapu.

Sifa yake kwa uzio ni kukua haraka na kufunga vizuri. Lakini mnunuzi wa miche aulize kwanza swali moja: ni mwanzi wa kutambaa au wa kichaka? Wa kutambaa hupeleka mizizi yake chini kwa chini na kuchipua upande wa jirani, na hapo ugomvi huanza. Wa kichaka hukaa mahali pake, ingawa hunenepa mwaka hadi mwaka.

Aliyekwisha kuupanda ule wa kutambaa hana budi kuchimba mtaro wa kina cha sentimita 60 hadi 75 na kuzika bati au plastiki nzito kuuzuia. Gharama hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu, maana muuza miche hataitaja.

Jambo la pili ni maji. Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na kiangazi chake huanza takriban Mei hadi Oktoba. Geita, iliyo karibu na ziwa, ina nafuu. Mche wa mwanzi usipomwagiliwa katika kiangazi chake cha kwanza hukauka, au mchwa huumaliza. Kwa familia inayonunua maji kwa ndoo, uzio huo unakunywa pamoja na watoto.

Mnyaa haujapitwa na wakati

Wazee wa Usukuma walikwisha kulitatua tatizo hili. Kaya nyingi zilizungushiwa minyaa, mmea wa matawi ya kijani yasiyo na majani ya kuonekana. Hauhitaji kumwagiliwa ukishashika, na mbuzi hawaugusi kwa sababu ya utomvu wake mweupe.

Mbegu yake ni kipande cha tawi. Hukatwa urefu wa futi moja, huachwa kivulini siku chache hadi jeraha likauke, kisha huchomekwa ardhini mvua zikianza. Ukiweka nafasi ya sentimita 30, mita 20 zinahitaji vipande 67 hivi, ambavyo jirani mwema hutoa bure. Ukipogolewa kila mwaka hukaa ndani ya upana wa sentimita 60 hadi mita moja. Usipopogolewa huwa mti.

Tahadhari ni moja na ni kubwa. Utomvu ukiingia jichoni huunguza, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa muda. Anayepogoa avae miwani na glavu, anawe vizuri akimaliza, na matawi yaliyokatwa yasiachwe mahali watoto wanapochezea.

Kwa asiyetaka utomvu upo mwashoki, mti unaopanda juu kama nguzo bila kutanua matawi, ila nao hudai maji ukiwa mchanga.

Fundisho la HASHI

Shinyanga ililipa gharama kubwa kabla ya kujifunza thamani ya miti ya kwao. Misitu ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa kwa ajili ya pamba na kuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa mwaka 1986. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche, mingi ikiwa ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja pale wananchi walipofufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili visiki vya miti ya asili vichipue vyenyewe. Kutoka hekta 600 hivi mwaka 1986, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Somo hilo linafaa hata kwenye uchochoro wa mita moja. Mwenye maji ya bomba, eneo la kutosha na mwanzi wa kichaka apande mianzi bila hofu. Mwenye kiwanja chembamba na ndoo za kununua, mnyaa uliokuwa ukimlinda babu yake bado ndio uzio wa bei nafuu kuliko wote sokoni. Kabla ya kutoa fedha, yeyote kati yao achukue kamba apime upana kutoka kwenye bikoni.