Fahamu: Bastola ndogo chini ya koti, na sheria ya Kenya

Bonasi ya majani chai ikilipwa, pesa huonekana Mogogosiek, kaunti ya Bomet, na watu huanza kuulizana habari za kujilinda. Bastola gani hufichika vizuri?

Chukua Glock mbili za milimita 9. Glock 19 hubeba risasi 15, lakini hutuna chini ya koti. Glock 43, iliyotoka 2015, ni nyembamba, hukaa kiunoni bila kuonekana. Magazini yake huchukua risasi 6 tu. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho hakipati pa kushika. Ukifyatua, mkono unarushwa juu, na risasi ya pili hukosa shabaha kwa urahisi. Kwa anayeanza, ndogo ndiyo ngumu zaidi.

Lakini huwezi kuanzia dukani. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, lazima uombe cheti, uchunguzwe na ueleze sababu yako. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya.

Na nyumbani kwenye watoto? Sanduku la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya bastola yenyewe.